Delmar Kolstad, Aliyeijenga Ndege Gerejini

Mchungaji, Bibi Ardis, ndugu, jirani na ninyi nyote mlioacha majani hayajakatwa siku ya jua kama hii, familia imenituma niwasomee maisha ya babu yetu, na ninayesoma ni Britta, binti wa Gayle, yule mwenye digrii na asiye na kazi, nayasema mapema ili wanaonong'ona viti vya nyuma wapumzike, tuendelee.

Delmar Arne Kolstad alizaliwa tarehe 9 Februari 1948, shambani kwa wazazi wake nje kidogo ya Viroqua, Wisconsin, mtoto wa tatu wa marehemu Arne na marehemu Selma Kolstad, theluji ikiwa imefunga barabara na daktari amekwama njiani, hivyo akapokewa na shangazi yake, mama aliyezoea kuzalisha ng'ombe, na Babu mwenyewe alikuwa akisema ndiyo maana masikio yake yalivutika vile.

Alisoma hapa hapa Viroqua, akamaliza sekondari Mei 1966, hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila mwalimu wa ufundi alimwachia ufunguo wa karakana, heshima ambayo mimi kwa miaka yote ya chuo kikuu sikuipata hata ya kabati. Kuanzia 1967 hadi 1969 alilitumikia jeshi kama fundi wa helikopta, akarudi mzima, ya huko hakuyasimulia, nasi hatukumchokonoa.

Mwaka 1970 aliajiriwa kuchomelea matangi ya maziwa, kazi aliyoifanya kwa mikono miwili na bila majungu hadi Machi 2009, wenye kiwanda walipokifunga na kukipeleka mahali ambapo jasho ni bei poa, wakampa saa ya ukutani, jamani, saa ya ukutani kwa mtu waliyemwondolea sababu ya kuamka, na keki iliyokatwa na kijana yule yule aliyetumwa kumfukuza. Nimeagizwa nisitie hasira katika historia hii, basi nimetia hiyo tu.

Tarehe 17 Juni 1972, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Ardis Lunde, wakajaliwa watoto wawili, mama yangu Gayle mwaka 1974 na mjomba wangu Todd mwaka 1977, pamoja na wajukuu wanne. Leseni ya urubani aliipata mwaka 1976, akawa anarusha ndege za kuazima kila alipopata nafasi, huku Bibi akimwambia, "Delmar, wanaume wenzako wanavua samaki," naye akijibu, "Samaki wa watu hao umewahi kuwaona, mke wangu?"

Oktoba 2011 alilitoa gari la Bibi gerejini, akaliacha kwenye theluji, na gari hilo halijarudi ndani hadi leo, kwa sababu mahali pake palianza kuota ndege ya kiti kimoja, kiunzi cha mabomba ya chuma alichokichomelea mwenyewe, mabawa ya mbao, ngozi ya kitambaa kilichopakwa dawa hadi kikalia kama ngoma. Mjomba Todd aliiita jeneza lenye mabawa, Mjomba samahani, ulisema mbele za watu siku ya Shukrani, na Babu alimjibu huku anajipakulia viazi, "Afadhali langu lina injini, mwanangu, lako watalisukuma."

Tarehe 4 Novemba 2024 alipasuliwa moyo huko La Crosse, na daktari akamwambia waziwazi kwamba kurusha ndege basi tena. Babu aliitikia kwa adabu zote, akarudi nyumbani, akasema, "Ndege niliyoijenga mimi, wa kwanza kuitoa ardhini ni mimi, anayetaka raha hiyo akajenge yake." Bibi hakupiga kelele, ninyi mnamjua, alisema tu, "Siku hiyo mimi nitakuwa kwa dada yangu, na simu nitaizima," na kwa watu wetu hayo ni matusi ya nguoni. Kwa hiyo majira yote ya baridi nyumba ilikuwa na kitu kimoja tu mezani, hata kama hakikutajwa: je, mzee huyu atapanda na kufa huko juu mbele ya macho yetu, au atamwachia mtu mwingine kiti? Mwezi wa Aprili mabawa yalifungwa kule kwenye banda la kiwanja cha ndege cha nyasi, waya za usukani zikaunganishwa, akatangaza ataruka Mei.

Sasa, wajenzi wa ndege wana desturi yao, na wako hapa, safu ya tatu, wale wenye kofia mapajani. Kabla ndege haijaruka mara ya kwanza, wenzako wanakuja kuikagua, wewe uliyeijenga unasimama nje ya kamba na kikombe cha kahawa, na huruhusiwi kufungua mdomo, kwa kuwa fundi huona alichokusudia kufanya badala ya alichokifanya, na kila kosa linabandikwa utepe mwekundu. Jumamosi tarehe 10 Mei 2025 walikuja, Bibi akaleta maandazi matamu ya kukaanga kwa sababu ukaguzi haukuwa kuruka, wakabandika tepe mbili tatu za mambo madogo, Babu akiwa nje ya kamba anatabasamu kama bwana harusi.

Ndipo Bi. Marlys Thorsgaard, aliyenyunyizia mashamba ya bonde hili dawa kwa ndege maisha yake yote, alipopanda, akaketi, akavuta usukani kulia. Kibao cha ukingoni mwa bawa la kulia, ambacho kilipaswa kuinuka, kikashuka. Akavuta kushoto, cha kushoto kikashuka. Waya zilikuwa zimepishana, maana yake ukitaka kuinamia huku ndege inakulaza kule, na mtu anayegundua hilo akiwa angani hapati muda wa kuomba msamaha.

Mtu mmoja akasema uff da, ile "mama yangu" ya wazee wetu wa Kinorwe, na hakuna aliyecheka. Bi. Marlys hakubandika utepe. Alisema, "Delmar, hizi waya umezijaribu?"

"Nimezijaribu mara mia," Babu akavunja mwiko wa kusema, "nimesimama pale bawani, nimekiinua kibao kwa mkono, nikasikia usukani unagonga ndani. Laini kama siagi."

"Laini, sawa. Upande je? Mtu akiketi humu mara moja tu analiona hili. Wewe mara ya mwisho umeketi humu lini?"

Babu alitazama kahawa yake. Aliyejibu alikuwa Bibi, sahani ya maandazi mkononi, "Hajaketi tangu apasuliwe. Hawezi kujivuta hadi humo, kifua kinamkataa. Nimemwona akijaribu akidhani niko dukani."

"Ardis," Babu akasema.

"Usiniite Ardis, umri huu. Hata kupanda huwezi, mume wangu, ungeshukaje?"

Sisi tulidhani atafoka, maana akina Kolstad tunafoka, lakini aliweka kikombe chini, akavuka kamba, akashika ukingo wa bawa kwa muda, akasema, "Marlys, wewe una kilo ngapi? Itabidi nihesabu uzito upya." Huko ndiko kukabidhi kwake, wafiwa, hotuba nyingine hakutoa.

Waya zilirudishwa mahali pake, na Jumamosi tarehe 7 Juni 2025 asubuhi, upepo umelala, Bi. Marlys aliiondoa ndege ile ardhini, ikazunguka juu ya kiwanja na mashamba ya mahindi, ikatua, ikaruka kidogo kama sungura, ikatulia. Bibi alikuwepo, simu haikuzimwa. Babu aliketi kwenye kiti cha kukunja, akamuuliza rubani swali moja, "Inavuta upande?" akajibiwa, "Kushoto, kidogo sana," akafurahi waziwazi, kwani kumbe bado kazi ipo. Kisha Mjomba Todd, bila kuambiwa na mtu, alimshika baba yake kwapani, wajenzi wenzake watatu wakashika miguu na kiuno, wakamwinua hadi juu ya bawa, wakamteremsha ndani ya kiti, injini imezimwa. Alivuta usukani kulia, akatazama kulia, akavuta kushoto, akatazama kushoto, kisha akakaa tu humo hadi chakula cha mchana, na hakuna aliyemharakisha.

Alifariki Alhamisi tarehe 19 Juni 2025, kitandani kwake, Bibi akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa La Crosse, mliomwambia ukweli hata asipoutaka, jirani mliosafisha theluji na kujaza friji yetu vyungu hadi mlango haufungi, wachomeleaji wenzake wa zamani mliokuja mbali, Bi. Marlys, na wajenzi wa ndege kwa ukali wenu. Na wale wanne waliomwinua siku ile wako kati ya mnaowaona kando ya jeneza, Mjomba ameomba tena upande wa kwapani, amepewa.

Tulia sasa, Babu Delmar, tumekushika.