Kidole Kwenye Mtutu

Benchi la mbele ya karakana ya Mama Msasa lina miguu mitatu na tofali moja, na halijawahi kukosa mtu. Asubuhi hiyo walikuwepo Kinyozi, ambaye wateja humfuata hapo hapo, na Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama mshitakiwa. Kahawa ilikuwa inapoa. Wote walikuwa wameiinamia bunduki ya upepo iliyolala mezani, ile ambayo binti wa Mama Msasa huitumia kulenga shabaha. Mama Msasa alikuwa ameivua kutu, akaisugua kwa msasa mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, akaifuta kwa spiriti, akaipaka dawa inayogeuza chuma kiwe cheusi chenye ubuluu. Ikatoka inang'aa mpaka unaweza kujitazamia meno. Ila katikati ya mtutu palikuwa na alama ya kidole gumba, ya kijivu, kila mstari wazi. Mtu alishika chuma kabla ya dawa, na penye jasho la mkono dawa haishiki. Na mashindano ya shabaha ya binti yalikuwa leo.

— Nani aliushika huu mtutu? — aliuliza Mama Msasa.

— Si mimi, shemeji, — alisema Kinyozi. — Mkono wangu una adabu kuliko wa mchumba ukweni.

— Kisheria, — alisema Wakili, — kidole si ushahidi mpaka mwenyewe akiri.

— Sheria ya wapi hiyo?

— Ya hapa hapa benchini.

Kinyozi akasogeza kikombe.

— Huu mtutu ulikuwa wa nani kwanza?

— Wa mlinzi mmoja mstaafu.

— Basi kwisha! Hilo gumba ni lake, limepanda kutoka ndani. Ukisugua la juu, la chini linajitokeza. Ndiyo maana wahenga wakasema mficha uchi hazai.

— Methali umeikosea, — alisema Wakili. — Hapa inafaa kidole kimoja hakivunji chawa. Maana yake hiki si kimoja, ni vidole vya watu wengi vimepandana. Kosa la kikundi! Hakuna wa kushitakiwa.

— Na kitakua, — Kinyozi hakukubali kushindwa. — Mwezi ujao mtaona kiganja kizima. Mwakani, bega.

Mama Msasa hakucheka. Kule kwenye klabu ya shabaha kuna mtu aliwahi kumuuliza binti yake kama mama yake anajua kitu zaidi ya kuchomelea mageti. Leo mtu huyo angekuwepo, na fundi alitaka aione kazi isiyo na doa. Akauchukua msasa ausugue mtutu upya.

— Utaumaliza saa ngapi? — aliuliza Wakili.

— Jioni.

— Na mtoto?

— Atatumia bunduki ya klabu.

— Ile mkono wake hauijui, — alisema Kinyozi, safari hii bila mzaha.

Mama Msasa alilijua hilo. Akaukunja msasa hata hivyo.

Binti akatokea, sare imepigwa pasi, begi begani.

— Shikamooni, wajomba.

— Marahaba, mwanetu!

Aliigeuza bunduki kwenye mwanga, akatabasamu hadi masikioni. Kisha akauona msasa.

— Mama, mbona tena?

— Kuna kidole hapo. Nakifuta. Leo utatumia ya klabu.

Binti akakitazama.

— Kwani hiki kinapindisha risasi?

Kinyozi akakoroga kahawa isiyo na sukari.

— Nauliza, wajomba. Kinapindisha au hakipindishi?

Mama Msasa akaikagua bunduki upya kwa jicho la fundi. Mtutu ulikuwa umenyooka. Kifyatulio alikuwa amekisugua mwenyewe mpaka kikawa kinaitika kidole bila kukwaruza. Kazi ilikuwa nzuri, na hakuna aliyehitaji kumwambia.

Akauweka msasa chini. Akapitisha kitambaa chenye mafuta kwenye mtutu, taratibu, akaifunga bunduki kwenye mfuko wake.

— Wakikuuliza kazi ya nani, usiseme fundi fulani. Sema mama yangu.

— Na wakikiona kidole?

— Lenga sawasawa. Watatazama shabaha.

Wakili akanyanyuka haraka, kifua mbele kama baba wa bibi harusi.

— Lete nikubebee, mwanetu. Nakusindikiza mpaka langoni.

— Begi beba, — alisema Mama Msasa. — Bunduki usiguse.