Mama Yangu Asikae Tena Barazani

Haruna, zima hiyo televisheni, na wewe Sitara acha kunililia kabla sijafa, njoo ukae hapa miguuni pangu, maana sauti yangu imekuwa ndogo na sitaki kurudia maneno. Ni mimi mama yenu Kuruthumu ninayesema, akili zangu ninazo zote, na haya nitakayowaambia ndiyo mtakayoyafuata.

Nyumba hii ya Ilala msiiuze. Madalali watakuja na maneno yao matamu hata arobaini yangu haijafika, wafukuzeni. Fremu ya duka kule Kariakoo ni yenu wote wawili, na wewe Haruna usije ukanigawia kanga zangu kwa kila msichana atakayekuchekea. Mama yangu ana fungu lake la mirathi kwa sheria ya dini, apewe, wala asiombe. Eeh, Sitara, nimekuona ulivyobinua mdomo! Naumwa, lakini macho bado ninayo.

Hilo hasa ndilo nililowaitia. Ninyi aliyoyafanya bibi yenu, Bi Sabaha, mmesimuliwa tu. Mimi ndiye niliyemngoja. Nilikuwa na miaka mitano aliponileta kwa dada yake, mama mkubwa Najma, kule Mtaa wa Sikukuu, akasema anakwenda Lindi na mume wake mpya na atarudi kabla ya Iddi. Nikamwamini, mtoto atamwamini nani kama si mama yake? Iddi ikafika, wenzangu wakaenda Mnazi Mmoja kupanda pembea na kula ubuyu, mimi nikabaki mlangoni na gauni langu jipya, naogopa asije akanikosa. Mama mkubwa alinibembeleza mpaka akachoka. Iddi iliyofuata nikakaa tena, na nyingine, na nyingine, na hata nilipokuwa mtu mzima, siku ninakuzaa wewe Sitara, nilipopiga kelele za mama nakufa, nilikuwa namwita yeye, si yule aliyenishika mkono. Mama mkubwa alijua, Mungu amrehemu, wala hakuniachia mkono.

Mwaka juzi ndipo akatokea, kizee, baibui limempauka, ametoka Kigamboni. Kumbe mume alishamwacha zamani na alikuwa anaishi hapo hapo ng'ambo ya maji! Nikamuuliza, "Miaka yote hiyo ulikuwa hapo, pantoni moja tu?" Akasema, "Nilikuwa navuka, mwanangu, nashuka Magogoni upande huu, aibu inanishika, napanda tena narudi." Wallahi nilitaka kumpiga, na nilitaka kumlalia mapajani, vyote kwa pamoja. Sikufanya hata kimoja. Nilimkaribisha chai.

Tangu nianguke kitandani anakuja kila Ijumaa, na kila Ijumaa wewe Sitara unamwekea kiti barazani, unamwambia, "Bibi, mgonjwa amelala," nami niko macho, nasikia kila neno. Najua unanionea uchungu, mwanangu, na nakushukuru. Lakini uchungu huo ni wangu, niachie mwenyewe. Kwa nini aliniacha sijui, na kwa kweli majibu yake hayaniingii akilini. Simtaki kwa majibu. Namtaka yeye.

Basi shikeni hili. Nikifa, wanawake wa mtaa watakuja kuniosha, na hapakosi mmoja atakayesema kizee huyu akae pembeni, alimtupa mwanawe. Mnyamazisheni. Atakayeniosha ni mama yangu, hao wengine washike shuka na kumimina maji. Siku ile aliponiacha aliniogesha uani kwa mama mkubwa, taratibu, nyuma ya masikio, katikati ya vidole, akanipaka mafuta ya nazi, akanivisha, akaondoka. Sura yake niliisahau, jamani, niliisahau kabisa. Mikono ile sikuisahau, na hakuna aliyeniogesha vile tena.

Nipe maji kidogo. Tone tu... basi.

Msigombane. Mkikasirikiana, semeni, msihame mkanyamaza. Mungu awape riziki ya halali, awape watoto wa kuwashika mkono mkizeeka. Mimi niko radhi nanyi, radhi ya duniani na ya akhera, nyote wawili...

Ngojeni. Ngojeni kwanza. Nasema nini mimi? Maiti atajuaje anaoshwa na mkono wa nani? Nimngoje umri wote huu, halafu aje kunigusa nikiwa sisikii kitu? Hapana. Hapana, wanangu. Leo si Ijumaa? Huyo anayekohoa nje si yeye? Sitara, inuka mama, kachemshe maji... yasiwe ya moto sana. Haruna, mfuate barazani, mshike mkono, asijikwae. Umwambie aje huku ndani. Mwambie... mwambie mwanawe hajaoga.