Mama Lynette na Vifaa Mia Mbili na Kumi na Vinne

Mchungaji, wazee, kina mama, majirani wa Munyaka na nyinyi nyote mliotoka mbali, naitwa Mbuthia, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya dadangu, na mjue kwamba karatasi hii si ile tuliyokubaliana Jumatano, nimeibadilisha leo asubuhi, na Baba Lynette anajua.

Tryphosa Wacera alizaliwa Ainabkoi, mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Gachanja na marehemu Mama Wanjeri, mwaka wa 1966 au 1967, siku na mwezi havijulikani. Kitambulisho chake kinasema tarehe mosi Januari, kama vya wengi wenu mlioketi hapa, msijifanye hamjui. Alisoma shule ya msingi palepale Ainabkoi kuanzia 1974 hadi 1980, sekondari kuanzia 1981 hadi 1984, kisha akapata cheti cha ukutubi Nairobi mwaka wa 1987.

Alianza kazi Februari 1988 katika maktaba ya shule moja huko Ziwa, na tarehe 5 Mei 1997 akaajiriwa katika jumba dogo la makumbusho hapa Eldoret, akitunza kadi za vifaa, kila kifaa na kadi yake, kimetoka wapi, kimeletwa na nani. Alikuwa ameolewa na Bwana Kiarie Ng'ang'a tarehe 12 Desemba 1992, wakajaliwa watoto wawili, Lynette mwaka wa 1994, na Ng'ang'a mwaka wa 1998.

Sasa nifike mahali pagumu. Mwaka wa 2019 jumba liliamua kuweka rekodi za vifaa vyake vyote, 1,140, kwenye mtandao, mtu yeyote duniani azisome na azichukue bila kuomba, na siku ya mwisho ilikuwa tarehe 28 Juni. Fomu ya kompyuta ilikuwa na kisanduku cha mahali kifaa kilikotoka, kisipojazwa rekodi haihifadhiki, na kadi nyingi za zamani hapo palikuwa patupu. Dadangu, aliyekuwa akinifokea nikikosea tarehe hata kwenye barua ya salamu, aliandika jina la kwanza lililomjia, Ainabkoi, kwao, akisema atarudi kurekebisha wiki ijayo, akafanya hivyo mara 214. Hiyo wiki ijayo haikufika.

Oktoba 2022, Sumeya, binti wa jirani Mama Fatuma mwenye duka la vitambaa, akitafuta mambo ya masomo kwenye simu, alikutana na picha ya chombo cha maziwa cha kusukwa, kina kiraka cha ngozi nyekundu, kimeandikwa ni cha wakulima wa Ainabkoi. Kilikuwa cha nyanya yake, alikuja nacho kutoka Wajir, akakitoa kwa jumba mwaka wa 1994 ili wajukuu wasisahau. Mama Fatuma hakupiga kelele. Alikuja akaketi jikoni, akaweka simu mezani, akamwuliza Mama Lynette ni nani alimwambia Ainabkoi. Jamani, miaka kumi na tisa wanaazimana chumvi juu ya ua, na jibu la kile kisanduku lilikuwa likianika nguo hatua kumi kutoka mlangoni pake.

Tangu siku hiyo hakutulia. Chombo cha Mama Fatuma alikirekebisha kesho yake, lakini tovuti nyingine zilikuwa zimeshanakili, na mwanafunzi mmoja wa mbali alikuwa ameshaandika kurasa arubaini kuhusu ususi wa Ainabkoi, ususi ambao haujawahi kuwako. Kila siku ya soko alikwenda na picha zake, Ziwa na kwingineko, akiwauliza wazee, akiwapigia simu watoto wa waliotoa vifaa, na kila tukienda matanga yeye anahesabu nani mwingine ameondoka na jibu lake. Tukimwambia hebu kula kwanza, anasema vimebaki tisini. Tulimcheka. Mimi nilimcheka zaidi.

Februari 2024 alianza kuumwa na tumbo, Mei madaktari wakaona ni saratani, Juni akafanyiwa upasuaji, na daktari aliposema imebaki miezi, yeye aliuliza mingapi, akaigawia vifaa vilivyobaki. Wodini Lynette alikuwa akimsomea kadi, naye anatikisa kichwa. Alituaga tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, vikiwa vimebaki tisa.

Wiki moja kabla, alimwagiza Lynette kwamba vile tisa viandikwe mahali hapajulikani, na chini yake iandikwe kuwa jina la kwanza lilikisiwa na Tryphosa Wacera, 2019. Nilikataa. Nilimwambia atachafua jina lake dunia nzima, na hakuna atakayejua akinyamaza. Akaniangalia, akasema yeye anajua. Tuliachana hivyo, sikumwona tena akiwa macho, na hilo linaniuma mpaka sasa.

Halafu Jumatano fundi wa msalaba wa kaburi akauliza tarehe ya kuzaliwa, akasema bila tarehe mstari utakaa vibaya, na mimi, mimi huyu, nikamwambia weka mosi Januari. Leo alfajiri nimemfuata akaifuta. Kwa hivyo mkiona nafasi tupu pale, rangi ikiwa bado mbichi, msimlaumu fundi, ni sisi hatujui. Na jana Lynette aliandika zile rekodi tisa kama alivyoagizwa, jina la mamake likiwa chini ya kila moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa jumba la makumbusho walioirekebisha fomu ikubali mtu kusema hajui, majirani wote, na Mama Fatuma aliyetupikia chai siku hizi nne akiwa kwenye saumu, yeye mwenyewe hanywi.

Picha za vile vifaa tisa ziko mezani, kando ya kitabu cha rambirambi. Tafadhali piteni mziangalie kabla hatujaelekea kaburini, anayejua aandike jina lake na anachojua, na asiyejua, nawaomba, asikisie.

Wacera, dadangu, ulikuwa sahihi. Pumzika sasa kwa amani.