Mpini wa Koki Mfukoni mwa Fundi Bwawa

Tunayemsindikiza leo wengi mlimjua kama Fundi Bwawa. Anayesoma maneno haya ni mdogo wake wa kike, naye ameombwa na familia asimpake marehemu mafuta kwa mgongo wa chupa. Hatampaka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya watano, kwenye kiwanja hiki hiki tuliposimama. Mama yetu alikuwa dobi. Kwake maji hayakumwagwa ovyo: yaliyosuuza shati yalifua suruali, yaliyofua suruali yaliosha sakafu, na yaliyoosha sakafu yalinyweshea mboga. Alipokuwa na miaka sita, marehemu alipindua karai zima kwa mchezo. Mama hakumchapa. Alimpa kikombe, akamwambia, "Haya, yachote uyarudishe." Mtoto alikwangua tope hadi kaka mkubwa akaja kumwombea msamaha. Tangu hapo uchungu wa maji ulimwingia mwilini na haukutoka.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1971, kisha akasomea ufundi bomba hadi 1975. Tarehe 6 Agosti 1983 alimwoa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwanamke wa maneno machache na yote makali, wakajaliwa mabinti wawili.

Februari 1986 aliajiriwa kutunza bwawa la kuogelea kwenye nyumba moja kubwa, kwa miezi mitatu. Miezi mitatu hiyo, jamani, ilikwenda miaka thelathini na mitatu.

Alikuta pampu ikinguruma usiku na mchana, na koki ya kujazia maji ikiachwa wazi kama mlango wa soko. Wiki ya kwanza akaweka ndoo ya maji kwenye ngazi ya bwawa, akachora alama ndani ya ndoo na nyingine ukutani mwa bwawa. Tajiri akamcheka: "Fundi, umeajiriwa kupima ndoo?" Kesho yake ndoo ilikuwa imepungua upana wa ukucha, bwawa vidole viwili. "Jua halibagui, bosi," akasema. "Hili linavuja." Akautafuta ufa, akauziba. Pampu akaipa masaa sita tu kwa siku, na kikapu chake cha takataka akawa anakisafisha kila asubuhi isihangaike kuvuta. Mkewe akashona turubai la kufunika maji yasiibwe na jua. Binti yake mkubwa alipomuuliza kwa nini yeye haogelei, alijibu, "Nikiingia, yatamwagika."

Kosa lake lilikuwa moja. Watu wa nyumba ile walizoea kufungua koki na kuisahau, bwawa likafurika hadi getini. Marehemu aliwasihi, wakamwitikia "ndiyo fundi", wakasahau tena. Mwisho akaung'oa mpini wa koki, akautia mfukoni mwa shati. Wote tukamsifu. Hakuna aliyeona kwamba kuanzia siku ile hakuna tone lingeingia bwawani asipokuwepo yeye.

Mama alipofariki, Mei 1998, kaka yetu alikuja kuzika, akawaachia mpini kwa siku mbili. Aliporudi alikuta koki wazi, pampu haijazimwa tangu aondoke, turubai limetupwa kwenye maua na maji yamekuwa ya kijani. Alifanya kazi siku tisa kuyarudisha. Hakuuacha mpini tena, na yeye mwenyewe hakuondoka tena. Aliishi chumba cha nyuma ya pampu, kitanda kimoja na dirisha moja linalotazama bomba.

Nyumba hii mnayoiona aliijenga kidogo kidogo kwa kutuma mafundi, ikaezekwa mwaka 2004. Vyumba vitatu na baraza. Ufunguo aliushika mkewe, nyumba ikimngoja mwenyewe. Kila mwaka alisema, "Mwaka huu wa mwisho, narudi nyumbani." Mkewe akamwambia, "Huo mwaka wa mwisho una uzazi kweli, kila Januari unajifungua mwingine." Watu walimfariji kwamba mvumilivu hula mbivu. Mbivu hizo kaka yetu alizisikia harufu tu, na sisi ndugu zake lilituuma, linatuuma hadi leo.

Januari mwaka huu, 2019, moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba. Alilazwa tarehe 11 Aprili. Hata wodini alisikia bomba la sinki likidondoka. "Sista, niletee spana, hiyo ni washa tu, kile kipira cha ndani kimelika." Muuguzi akamwambia, "Mzee, na wewe pumzika." Siku ya mwisho alipapasa kifuani kutafuta mfuko, na gauni la hospitali halina mfuko. Mkewe akampa mpini mkononi. Aliutazama sana, kisha akasema, "Nilidhani nawafungia wao." Alifariki saa nne asubuhi, tarehe 3 Mei.

Juzi dereva wa nyumba ile alileta rambirambi. Alipokuwa anaaga akamnong'oneza mjane: "Shemeji, samahani, ule mpini… bwawa limeshuka." Kaka mkubwa akawaka, akasema mpini uingie jenezani, wakome! Mjane akasema, "Hapana. Mkiuweka humo mmempeleka kazini." Akaufuta kwa kanga, akamkabidhi dereva. Kisha akachukua ufunguo, akaufungua mlango huu, na jana mumewe aliingia kwake kwa mara ya kwanza.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, kaka yake mkubwa na mdogo wake huyu.

Lala, kaka. Mifuko yako ni mitupu na hakuna anayekuita. Upumzike kwa amani, nyumbani kwako.