Mnyama Aliyekonda wa Mkuyuni

Sogeeni, wanangu. Kija, acha kwanza kuukanda huo mguu, hausikii tena. Njoo ukae huku kichwani nikuone, na wewe Ngosha ingia ndani, usisimame mlangoni kama mgeni aliyekosa kiti. Nimewaita nikiwa bado na pumzi, maana mwenye safari hufunga mzigo wake mwenyewe. Mengine ni mepesi. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka siku atakayonifuata, na asitokee mtu wa ukoo na maneno ya mila akamtoa ndani. Shamba la Kigongo limeni pamoja, msilikate. Mdogo wangu Kashindye, anayetuchungia ng'ombe kule ng'ambo ya Busisi, hajakanyaga hapa tangu niugue, kwa sababu nilimwita mjinga mbele ya wake zake baada ya yeye kuniita mwendawazimu mbele ya mke wangu. Mwambieni nimekwenda bila kinyongo, na kama yeye bado anacho, akitafune mwenyewe.

Zito ni hili la kompyuta, na nisikilizeni vizuri, kwa kuwa hata mimi ninayelisema silielewi.

Soko lilipofunguliwa, kila mtu akaambiwa ruksa kufanya biashara, na pamba yetu ikawa leo inanunuliwa na huyu, kesho na yule, keshokutwa haina mnunuzi, niliona kilimo peke yake hakitatufikisha. Nikauza nusu ya zizi nikanunua hisa katika kampuni ya Muganyizi, yule kijana wa kutoka Bukoba, pale Mkuyuni. Alikuwa na kompyuta za kuchapa barua na darasa la kufundishia watu kuzitumia, na mwanzoni wanafunzi walijaa hadi wakakaa wawili kiti kimoja. Ukaja mgawo wa umeme, wakapungua. Wakafungua wengine duka kama hilo mtaa wa pili, wakapungua tena. Nami nikienda kukagua mali yangu, nikague nini? Ng'ombe unamshika nundu, unamtazama jicho, unatazama hata kinyesi chake, unajua. Siku moja niliweka mkono juu ya sanduku la kompyuta moja, likawa la moto, nikafurahi nikidhani ndio uzima. Muganyizi akaniambia, "Hapana mzee, hilo ndilo bovu, ndiyo maana linachemka." Lililo zima lilikuwa la baridi, na mimi nilikwisha kulihesabu mzoga. Nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma.

Mngeniambia Muganyizi ni mwizi, ningepumua. Mwizi anaeleweka. Lakini yule kijana ameuza pikipiki yake ili alipe pango, mkewe amerudi kwao, na shati lake sasa linamning'inia kama la kuazima. Na mjinga si mjinga, maana akinieleza naelewa kila neno, akimaliza sijui amesema nini. Juzi mlimwona amekuja hapa. Anasema kuna shule ng'ambo ya ziwa inataka mashine na walimu, mkataba wa miaka. Akipata mtaji sasa, kampuni inasimama, asipoupata, mwenye jengo anafunga mlango mwisho wa mwezi huu. Na mtaji wenyewe ni ng'ombe waliobaki kwa Kashindye, ambao ndio mahari ya Ngosha, na ndio kinga yenu ya mwisho. Wewe Kija, uliyesoma palepale, unasema tuwatoe. Wewe Ngosha unasema asitoke hata ndama. Kisha wote wawili mnanitazama mimi.

Niseme nini? Wahenga walisema subira yavuta heri. Wahenga haohao wakasema ngojangoja huumiza matumbo. Sasa nimfuate yupi?

Nipeni maji. Kidogo tu.

Babu yenu alipokuwa anakata roho alinishika hapa kwenye kiwiko akaniambia, "Maige, usiuze mnyama aliyekonda kiangazi, msubirie mvua." Hakusema jingine. Nanyi mnajua kwetu neno la anayekufa halivunjwi. Mara mbili mfanyabiashara wa mjini alitaka kuzinunua hisa zangu, tena kwa bei nzuri, na mara zote mbili nilimsikia baba, nikakataa. Lakini baba alisema juu ya ng'ombe! Hata swichi ya taa hakuwahi kuigusa. Je, angesema hivyo hivyo juu ya kompyuta? Nimemuuliza miaka yote hii, hanijibu. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia, nikalishika, na guu limevunjika. Au huo mkataba wa shule ndio mvua yenyewe, mzee alikuwa sahihi, na mimi ninaondoka mawingu yakikusanyika? Sijui. Inaniuma sana kwamba sijui.

Jana nilikuwa nimeamua kuwaambia toeni ng'ombe. Leo asubuhi nikaamua msitoe. Halafu nikaogopa. Nikisema toeni, Ngosha utawatoa hata ukiona unawatosa ziwani, kwa kuwa baba alisema. Nikisema msitoe, Kija utaacha mlango ufungwe hata fedha ikiwa imeshafika kizingitini, kwa kuwa baba alisema. Na mtakuja kuwaambia watoto wenu hivyo hivyo.

Basi lishikeni hili. Juu ya kompyuta sina wosia. Nawafungua, mbele ya mama yenu na mbele ya Mungu. Mwiteni Muganyizi, mwulizeni mpaka mwelewe, msione haya ya kuuliza kama mimi nilivyoona. Mwiteni na Kashindye, maana wale ng'ombe wamekua mikononi mwake. Kisha amueni. Mkikosea, mkosee kwa akili zenu, siyo kwa neno la mtu aliyezikwa.

Nizikeni mapema, msingoje wa mbali. Mama yenu asilale peke yake. Kija, upate wa kukuheshimu. Ngosha, uoe, kwa ng'ombe au bila ng'ombe. Mungu awape... awape macho ya kuona kuliko yangu. Mpendane. Nifunikeni miguu, kuna baridi.

Nani anasema? Sauti inatoka mbali. Ngosha? Unauliza tena, tutoe au tusitoe...

Ngosha, baba yangu, muulize dada yako Kija.

Mimi niacheni nilale.