Edelmira Barría, Aliyebishana na Ushuaia Hewani

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa hapa Punta Arenas, na ninyi mliovuka mpaka jana kutoka Ushuaia na Río Gallegos, upande wa Waajentina, mimi ni Nicanor Barría, mdogo wake marehemu, na nimepewa kazi hii ya kuwasomea maisha ya dada yetu kwa sababu shemeji Rogelio, mumewe, aliyeketi hapa mbele, amesema hawezi kusoma bila miwani, na miwani amekataa kuileta.

Marehemu Edelmira Barría Vukasović alizaliwa tarehe 3 Agosti 1946 mjini Porvenir, ng'ambo ya mlango wa bahari, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Eleuterio Barría, mkata manyoya ya kondoo, na mama Danica Vukasović. Kipaji chake kilionekana mapema, kwani Desemba 1953, katikati ya kiangazi chetu, asubuhi ya jua kali, baba alipokuwa akinoa mikasi, Edelmira alimwambia asikate manyoya siku hiyo kwa sababu theluji inakuja. Baba akamjibu, "Wewe kacheze, kondoo niachie mimi," akawanyoa wote, na kabla ya jioni theluji ikaanguka, ikabidi kondoo waliobaki uchi waingizwe jikoni na sebuleni, wengine wakawekwa chumbani kwa mama, ambaye alikuwa na uchungu wa kunizaa mimi. Mama alisema hadi kufa kwake kwamba sauti ya kwanza niliyoisikia duniani haikuwa ya binadamu.

Alisoma shule ya msingi Porvenir, akamalizia sekondari hapa mjini mwaka 1964, kisha akaenda Valparaíso kusomea hali ya hewa, na tarehe 10 Machi 1969 aliajiriwa katika ofisi ya utabiri ya bandari yetu, akiwa mwanamke pekee. Kazi yake ilikuwa kuziambia meli zinazokwenda Antaktika zitakutana na nini, upepo gani, mawimbi gani, na zaidi ya yote barafu ya bahari, ambayo ikifunga njia meli hubanwa kama njugu kwenye koleo.

Shida ilikuwa hii. Dhoruba hutujia kutoka magharibi, kwa hiyo vituo vyetu viliziona kwanza, lakini barafu hutoka mashariki, Bahari ya Weddell, na huko waliokuwa wakiiona kwanza ni Waajentina wa Ushuaia, na siku hizo nchi zetu mbili zilikuwa zikigombania visiwa, hakuna aliyempa mwenzake hata tone la mvua. Meli ikiomba utabiri hapa inaambiwa nenda, ikiomba Ushuaia inaambiwa kaa, na manahodha wakawa wanachagua utabiri unaowapendeza.

Mwaka 1974 nahodha mmoja alimsomea Edelmira, kupitia redio, utabiri alioupata Ushuaia. Dada akamwambia, "Huyo bwana anatabiri kwa kuchungulia dirishani." Hakujua kwamba bwana mwenyewe yuko kwenye masafa hayo hayo anasikiliza, na mara ikaingia sauti nzito, taratibu, ikasema, "Nahodha, mwambie mama wa Punta Arenas dirisha langu angalau linafunguka upande wa barafu." Huyo ndiye Rogelio Bidart, na toka siku hiyo wawili hawa walibishana hewani kila asubuhi, hata mabaharia wakawa wanawahi kunywa kifungua kinywa wasikose.

Katika kubishana huko waligundua jambo ambalo wakubwa wao hawakulitaka. Walipolinganisha makosa, waliona kwamba kila mara Edelmira alipokosea Rogelio alikuwa sahihi, na Rogelio alipokosea Edelmira alikuwa sahihi, kwa hiyo wakaanza kupeana kila walichonacho. Mkuu wa ofisi yetu, ambaye simtaji jina kwa heshima ya mjane wake, Mama Griselda, aliyeketi mstari wa pili, akamwita dada na kumwambia, "Ukiongea na yule Muajentina, ongea mambo ya wanawake. Mapishi, basi."

Edelmira alikuwa mtumishi mtiifu, akaongea mapishi. Unga ulikuwa barafu, moto wa jiko ulikuwa upepo, na Rogelio, ambaye hadi leo hajui kuchemsha yai, akawa anamsomea dada namna ya kukanda unga mzito vikombe vinne, acha uumuke, moto mdogo kutoka kusini. Mkuu alisikiliza wiki nzima akaridhika, akampelekea mkewe mapishi yale nyumbani, na Mama Griselda, mwenyewe ni shahidi, akaoka mkate kwa vipimo vya barafu ya Weddell, mkate ambao mbwa wao aliuchukua akaenda kuuzika.

Ndipo ikaja Desemba 1978. Mpaka ulifungwa, askari walijaa barabarani, sisi vijana tulikuwa tukichimba mahandaki uani, na ofisi zote mbili zilipigwa marufuku kabisa kuzungumza. Wakati huo huo meli yetu *Santa Ludmila* ilikuwa njiani kuelekea kituo kimoja cha Antaktika, imebeba mabaharia na watu wa kupokea zamu, baadhi wakiwa na familia zao, na utabiri wa kwamba njia iko wazi ulikuwa umeandikwa na kutiwa saini na Edelmira mwenyewe. Tarehe 19, asubuhi, redio ikakohoa, ikaingia ile sauti.

"Jirani, mkate wako uko jikoni?"

Dada akabonyeza kitufe. "Uko jikoni."

"Utoe. Unga wangu umeumuka tangu juzi, umemwagika mezani, unakuja kwako. Na moto umegeuka, sasa unatoka mashariki."

Sauti ikakatika. Mkuu alikuwa amesimama nyuma yake, uso mwekundu, akasema, "Huo ni mtego. Wanataka meli yetu irudi wapate la kutucheka. Ramani zako mwenyewe zinasema njia iko wazi." Na ni kweli, zilisema hivyo, kila alama mezani ilisema meli iendelee, na kama Edelmira angeirudisha bure kazi ingekwisha siku hiyo, na katika hali ile huenda na zaidi ya kazi. Dada akazikunja ramani zake, akaziweka kando. Kisha akasema, "Mkuu, mtu huyu amenibishia miaka minne, amenitukania dirisha, amenitukania ramani. Hajanidanganya hata mara moja." Akachukua redio, akaiamuru *Santa Ludmila* igeuze.

Siku iliyofuata ndege yetu ilipita juu ya njia ile ikaikuta imejaa barafu kutoka ufuko hadi ufuko, na haikufunguka mpaka karibu mwisho wa Januari. Meli ilikuwa imetia nanga salama, abiria wanalalamikia chakula.

Kwa tendo hilo dada alipewa shukrani ya kuhamishiwa stoo ya ramani kuukuu, bila redio, na Rogelio naye akapelekwa Río Gallegos kupima mvua mahali ambapo hainyeshi. Hawakusikia tena sauti ya mwingine mpaka nchi zetu zilipotia saini amani mwaka 1984, na tarehe 12 Januari 1985 Rogelio alishuka kwenye basi hapa mjini, akaenda moja kwa moja ofisini, akauliza Edelmira Barría ni nani. Walikuwa hawajawahi kuonana. Dada alimtazama juu, kisha, kwa kuwa hakukuwa na juu kwingi, akamtazama chini, akasema, "Nilidhani wewe ni mrefu."

Rogelio akasema, "Redio huongeza."

Walifunga ndoa tarehe 21 Septemba 1985 hapa Punta Arenas. Sherehe ilifanyika nje kwa sababu bwana na bibi harusi wote wawili walitabiri jua, na huo ndio utabiri pekee wa maisha yao waliokubaliana bila kubishana, tukanyeshewa mvua ya mawe mpaka moto ukazimika na mwanakondoo akabaki nusu mbichi. Walijaliwa watoto wawili, Milenka, aliyezaliwa 1987, ambaye naye anatabiri barafu, na Anselmo, aliyezaliwa 1990, fundi wa mabati, ambaye ndiye pekee katika ukoo huu anayepata faida upepo ukivuma.

Baada ya ndoa dada alirudishwa kwenye utabiri, na kazi aliyoianza kwa mapishi akaifanya waziwazi, mpaka ofisi hizi mbili, na baadaye za nchi nyingine nyingi, zikatoa ramani moja ya barafu kwa meli zote. Katika mkutano mmoja wa mataifa, wataalamu walipokuwa wakivutana nani aonyeshe vipimo vyake kwanza, Edelmira aliomba nafasi akasema, "Kila mmoja wenu ana kipande cha ramani na amekikalia. Inukeni." Mkalimani alitafsiri neno kwa neno, na ukumbi mzima ukasimama. Dada akaona aibu kuwaambia wakae, wakaendelea na kikao wamesimama, na wanasema hakuna kikao kilichowahi kuafikiana haraka namna ile.

Alistaafu mwaka 2008. Mwaka 2019 macho yalimfifia kabisa, na toka hapo Rogelio akawa anamsomea utabiri kila jioni, naye anapinga kila sentensi, upepo si huo, barafu haiwezi kuwa hapo, umeruka mstari. Mwaka jana moyo ulianza kuchoka, na Aprili mwaka huu akalazwa hospitali hapa mjini. Jioni ya tarehe 14 Mei 2024 shemeji alikaa kando ya kitanda, akamshika mkono, akamsomea utabiri kama kawaida. Akasoma wa mlango wa bahari, akasoma wa Drake, bahari ya kuvukia kwenda Antaktika, akasoma barafu yote ya Weddell mpaka mwisho, na hakupingwa hata neno moja. Ndipo akajua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliovumilia mgonjwa aliyewauliza kila asubuhi mgandamizo wa hewa badala ya wa damu, inawashukuru majirani kwa kuni na supu, na Mama Griselda kwa keki, ambayo safari hii ni laini. Inazishukuru ofisi zote mbili za hali ya hewa, zilizoleta mashada mawili na kubishana pale mlangoni lipi litangulie, na tunaomba msiache kubishana.

Jeneza litatoka saa nane. Shemeji Rogelio anasema upepo utaanza kabla hatujafika makaburini, na leo hakuna wa kumbishia, kwa hiyo tushike kofia zetu.

Dada Edelmira, lala salama.