Pasi ya Mama Nyoosha

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Mwenye chungu jikoni apunguze moto kwanza, maana habari ya leo ina kitu kilichoachwa motoni.

Tunamkumbuka mpiga pasi wa hospitali. Ametutoka akiwa na miaka sabini na moja. Kazini walimwita Mama Nyoosha, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi.

Miaka ishirini na tisa alisimama katika chumba cha kufulia nyuma ya hospitali. Narudia, ishirini na tisa. Chumba kimoja, meza moja, mvuke mpaka kwenye nyusi. Shuka zinaingia zimekunjamana, zinatoka zimenyooka. Lakini Mama Nyoosha alikuwa na lake. Kila shuka aliiombea. Hakumjua atakayeilalia. Alinong'ona tu, pasi ikienda na kurudi: "Na huyu naye umwangalie. Na wanaomsubiri nyumbani."

Wenzake walimtania. "Sisi tunapiga pasi, mwenzetu anapiga magoti kwa kusimama!" Siku moja msimamizi alikuja juu. "Wewe mama, shuka moja dakika kumi? Unaiandaa kwenda kuolewa?"

"Bwana mkubwa," akamjibu, "atakayelala hapa hajui kama ataamka. Wewe unajua?"

Msimamizi alikuna kisogo, akaenda zake.

Jambo moja mlishike. Mama huyu hakuweza kusali akiwa amekaa bure. Alijaribu. Akikaa mikono mitupu, anasinzia. Mikono yake ndiyo iliyojua njia, mdomo ulifuata nyuma.

Magoti yalipogoma, binti yake wa pekee alimchukua akaishi naye. Binti anauza katika duka la dawa. Nyumba yao ipo ghorofa ya tatu: vyumba viwili, mlango mmoja wa chuma. Simsemi vibaya binti huyu. Alimnunulia mama godoro jipya na televisheni, na samaki alimtolea miiba kwa vidole vyake mwenyewe.

Mwezi wa pili wa kukaa kwa binti, Mama Nyoosha alikuwa akinyoosha pazia. Chai ikachemka jikoni, akaenda kuiepua, akasahau pasi juu ya meza. Moshi ulijaa nyumba nzima. Jirani wa ghorofa ya pili, fundi cherehani, alipanda ngazi mbio na ndoo ya maji. Pazia liliungua na nusu ya meza. Mama hakuungua hata ukucha.

Binti alirudi mbio kutoka dukani. Akafanya mambo mawili. Pasi aliichukua akaifungia kwenye kabati la dukani. Na tangu hapo, kila asubuhi, aliufunga mlango kwa nje, kwa kufuli. Ufunguo ulining'inia shingoni mwake.

Fundi alimuuliza, "Mwenzangu, moto ukiwaka naye yumo ndani, atatokea wapi?"

"Moto gani, dada, na pasi ninayo mimi? Akitoka akaanguka kwenye ngazi, utamlea wewe?"

Fundi akashuka kwenye cherehani yake. Na wewe unayesikiliza, ungejibu nini? Mtu akikosa kwenda kazini, hapati chakula. Mama akiachwa wazi, anaweza kufa. Ndivyo mapenzi yanavyogeuka kufuli, na hakuna aliyedhamiria ubaya.

Ikapita miezi kumi na minne. Narudia, kumi na minne. Binti aliiacha televisheni kwenye mahubiri ili roho ya mama ishibe. Akishatoka tu, mama aliizima. "Yule bwana anasema peke yake," alilalamika. "Hanipi nafasi na mimi niseme."

Siku nyingine alisema, "Mwanangu, nina njaa."

"Mama, si nimekuachia chakula? Kipo kwenye hotipoti."

"Siyo ya tumbo."

Jioni binti alileta vitamini. Vidonge vyekundu, viwili asubuhi, viwili jioni. Muuza dawa atafanya nini zaidi?

Aliyeelewa kidogo ni fundi. Akipita na ndoo zake za nguo kwenda kuanika juu ya paa, walisalimiana kupitia mlango. Siku moja akauliza, "Mama, nikusaidie nini humo ndani?"

"Nipatie kitu cha kunyoosha, binti yangu."

Fundi alishuka, akarudi na foronya aliyoimaliza kushona, akaipenyeza chini ya mlango. Upande wa pili akasikia viganja vinapita juu ya kitambaa, taratibu, na sauti ikinong'ona. Baada ya muda foronya ikarudi kwenye upenyo ule ule, ina joto la mikono. Kesho yake nyingine. Wiki tatu zikaenda hivyo, na Mama Nyoosha akaanza tena kucheka.

Mpaka binti aliporudi mapema, ana mafua, akamkuta fundi amepiga magoti pale mlangoni.

"Kumbe! Mama yangu ndiye kibarua wako? Mzee wa miaka sabini unamfanyisha kazi ya wateja wako?"

"Siyo kazi, mwenzangu."

"Ni nini basi?"

Fundi akajiinua, akashuka ngazi. Kesho yake upenyo ulizibwa kwa kipande cha mpira. Mende wamezidi, alisema binti.

Mama hakugomba. Akawa ananyoosha gauni lake juu ya goti. Baadaye akaacha hata hilo. Presha yake ilikuwa nzuri. Binti aliipima kila Jumapili, akafurahi. Jumapili moja, mkono ukiwa bado kwenye kipimo, mama akasema, "Unanilisha vizuri, mwanangu. Hata ndege wa kwenye tundu hulishwa."

Neno lile lilimfuata binti mpaka dukani. Alihesabu vidonge vya mteja mara tatu, mara tatu akakosea. Akafungua kabati, akaitoa pasi, akaomba ruhusa, akarudi nyumbani. Akatandika shuka mezani.

"Nyoosha, mama. Nimekaa hapa hapa, nakuangalia."

Mama aliishika pasi. Akaigusisha kwenye shuka, akainyanyua. Akaigusisha tena, akainyanyua.

"Nimesahau naanzaje."

"Anza tu, mama."

"Naanzaje?"

Akachomoa waya mwenyewe, akarudi kwenye kiti.

Tangu siku hiyo binti hakufunga kufuli. Fundi alikubali kumsikilizia mama akiwa chini kwake. Mlango ulikuwa wazi siku kumi na moja. Narudia, wazi. Mama Nyoosha hakutoka. Siku ya kumi na moja, saa nane mchana, alifia pale pale kwenye kiti.

Baada ya mazishi binti alisimama mbele ya ile meza iliyoungua, na shuka ya mama yake, na pasi. Fundi alikuwa karibu naye.

"Dada, wewe ulikuwa unamsikia pale mlangoni. Mama alikuwa anaanzaje?"

Fundi akaweka kiganja juu ya ile shuka. "Alikuwa anaanza na wewe. 'Mwanangu yupo kazini, umwangalie.' Halafu ndiyo wengine."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole binti huyo. Tunampa pole fundi, na wapiga pasi wote wa kile chumba chenye mvuke. Mungu ampokee mama yetu.

Nanyi mlio na wazee nyumbani, nawasihi kama mzazi. Mkimaliza kuuliza kama amekula na kama amemeza dawa, ulizeni swali la tatu: "Mama, wewe huwa unasalije?" Akianza kueleza, kaa chini umsikilize mpaka mwisho. Usichelewe.